Krosova ya Maalim

Baba alikuwa na namna moja tu ya kupima spika za gari, na sijaona fundi mwingine akiifanya. Wenzake wa mjini Chake, Pemba, waliweka wimbo wenye besi ya kutikisa vioo, wakapandisha sauti mpaka milango ikalia, mteja akacheka, kazi ikaisha. Yeye aliweka kisomo cha Kurani, sauti ya wastani, akakaa kiti cha dereva, akafumba macho, akangoja herufi. Sini ikipita, swadi ikipita, thaa ikipita, alitikisa kichwa kukubali au alikunja uso. Alisema muziki unaficha makosa na kisomo hakifichi. Spika isiyokupa swadi yenye uzito wake na sini yenye wembamba wake, kwake ilikuwa haijafungwa, imetundikwa tu.

Herufi hizo alizijua kwa gharama. Alizisomea katika chuo cha Kurani cha Kengeja, kwa Maalim mmoja aliyekuwa kijana wakati huo, mwenye mkono mwepesi. Baba alikuwa mtoto asiyeweza kutamka swadi, kila akijaribu inatoka sini. Siku moja Maalim alimpiga kofi la sikio la kushoto, damu ikatoka. Babu alipoambiwa hakusema kitu, kwa sababu siku ya kumpeleka alishasema yale wasemayo wazee wote: nyama yako, mifupa yangu, yaani mpige utakavyo, mradi umrudishe hai. Sikio lilitoka usaha miezi, likakauka, likatoka tena. Mtoto akawa anasikia nusu, na kwa kuwa anasikia nusu anakosea zaidi, na kwa kuwa anakosea zaidi anapigwa zaidi. Mpaka leo baba hukaa na kipande cha pamba katika sikio lile.

Mimi habari hii nilihadithiwa na marehemu mama, siyo na baba. Baba ukimuuliza atakwambia alizaliwa nalo vile.

Karakana yetu iko Gombani, ubavuni mwa nyumba, chini ya bati ambalo siku za mpira hupokea kelele zote za uwanjani. Niliingia kazini baada ya talaka. Nilirudi nyumbani na sanduku langu, nikakaa ndani, na kila jirani aliyepita alinipa pole kwa jicho la kutaka kujua nimefanya nini. Asubuhi moja nikachoka, nikatoka nje, nikashika chuma cha kulehemu. Baba alinitazama, akanisogezea waya. Watu walisema waliyosema: mwanamke gani anaingia chini ya dashibodi za magari ya watu. Niliwajibu kwamba chini ya dashibodi hakuna mawifi. Wakaninyamazia, na mimi nikajifunza kazi.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe nieleze kidogo. Mlango mzuri wa gari huwa na spika mbili: kubwa kwa sauti nzito na za kati, na ndogo, ambayo ni twita, kwa sauti nyembamba kali. Ukizipelekea zote mbili sauti nzima bila kuigawa, kubwa inavuruga na ndogo inaungua. Kwa hiyo panahitajika kitu cha kugawa, nacho ni krosova, na ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kisanduku chenye koili na kapasita, kinakaa baina ya amplifaya na spika, na hakitaki umeme wake. Hiyo sisi tuliita krosova kavu. Kiwanda ndicho kilichoamua sauti ikatwe wapi. Fundi anaunganisha nyaya, anakaza skrubu, anakwenda zake kuswali. Ya pili ni ya umeme, tuliyoiita ya moto. Inakaa kabla ya amplifaya, inagawa sauti ikiwa bado changa, kisha kila spika inapewa nguvu yake peke yake. Ina vifundo vya kuzungusha, ukate wapi, twita ipande kiasi gani, nzito ishuke kiasi gani. Ikipangwa vizuri, kavu haiifikii. Ikipangwa vibaya, twita inakwaruza mpaka meno yanakuuma, au inaungua siku ya kwanza. Kavu inataka mikono tu, ya moto inataka sikio. Inataka pia nyaya nyingi, amplifaya ya ziada na betri nzima.

Baba alikuwa maarufu kwa ya moto. Watu walitoka Wete wakaja Gombani, wakawaacha vijana wa Wete, kwa ajili ya sikio lake moja la kulia.

Sasa sikio hilo nalo likaanza kuondoka. Lilikuwa limekaa mbele ya spika umri mzima, na halikuwa na mwenzake wa kupokezana naye. Sikugundua mimi kwanza, waligundua majirani, na walichogundua sicho. Wanawake walimsalimia akiwa kainamia kazi, hakuitika. Wakarudia, hakuitika. Kwetu salamu ni deni la Mungu, na mtu asiyeitikia salamu ana lake jambo. Zikaanza kuja habari kwamba fundi kaota mapembe. Mwengine akasema tangu bintiye aachwe kanuna na ulimwengu. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye baba alimtengenezea redio yake miaka yote, akaacha kutuletea futari. Sauti za wanaume baba alizisikia bado, kwa hiyo kwao aliitika, na hilo likazidi kumharibia, ikawa fundi anabagua.

Mimi ukweli niliuonea karakanani. Aliacha ghafla kuwauzia watu krosova za moto. Mteja anakuja na moyo wake, kasikia kwa rafiki, anataka ya umeme. Baba anamkalisha, anamweleza kwa upole kwamba gari yake ndogo, betri yake changa, mlio wa injini utaingia katika spika, afadhali ya kavu, kitu cha kiwandani, hakina maradhi. Na yote hayo ni kweli, mtu hawezi kumkamata kwa uongo. Kwa gari nyingi za hapa kisiwani kavu inatosha na inabaki. Lakini mimi nilimjua kabla, alikuwa akiwaambia watu haohao kwamba kavu ni nguo ya dukani na ya moto ni nguo ya kushonewa. Wateja wakaondoka wakimsifu kwamba fundi hana tamaa. Nilikuwa nikisikia sifa hizo nikitamani kulia.

Siku moja nikamwambia, tukiwa wawili, upande wa kulia, kwa sauti ya kutosha.

"Baba, sikio limekwenda."

"Lipi?"

"Hilo ulilobakiwa nalo."

Alikuwa anamenya waya. Akaumenya mpaka mwisho, akaupinda, akauweka.

"Limechoka tu," akasema. "Usimwambie ntu."

Nilimpeleka hospitali. Daktari alitazama kushoto, akauliza lini ngoma ya sikio ilipasuka, baba akasema hajui. Akatazama kulia, akatikisa kichwa. Akasema sauti nyembamba ndizo zinazokwenda mwanzo na hazirudi, na kama baba anaipenda iliyobaki aache spika. Kumwambia hivyo fundi wa spika ni sawa na kumwambia mvuvi aache maji. Tulirudi nyumbani, na kesho yake akafungua karakana kama kawaida.

Basi katika hali hiyo ndipo alipokuja Maalim.

Alikuja na gari dogo jeupe, kaendeshewa na mkwewe. Mwanawe aliyeko Maskati alimletea gari, na ndani ya buti mlikuwa na sanduku la spika, amplifaya na krosova ya umeme, vyote vipya katika nailoni zake. Sikuwahi kumwona mzee yule kwa karibu. Nilimtarajia mkubwa. Nikaona mzee mfupi mwenye kanzu safi, vidole vyembamba, anashuka garini kwa kushikilia mlango. Baba alitoka mbio, akafuta mikono kwa suruali, akainama, akaubusu mkono ule. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Nilikuwa nikidhani wanatania.

"Fundi wangu," alisema Maalim. "Sifa zako zinafika hata Kengeja. Watu wanasema hapana sikio kama lako Pemba nzima."

Baba akacheka kicheko cha mtoto. Mtu mzima wa mvi, mbele ya mzee yule alisimama mikono mbele, macho chini.

Akajaribu njia yake ya siku zote. Akaeleza gari ndogo, betri, mlio wa injini. Akasema kavu ingemfaa zaidi Maalim, haina udhia. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "La. Mwanangu kanambia ya umeme. Na miye mwenyewe masikio yangu yamezeeka, si kama zamani. Nnataka nkikaa garini nsikilize kisomo, herufi nizisikie zilivyo. Hino kazi nnakupa weye kwa sababu nakujua."

Mwanafunzi hamkatalii maalim wake, hata akiambiwa achote maji kwa kikapu. Wakakubaliana gari libaki siku mbili, na siku ya kupima Maalim awepo mwenyewe, akae asikilize.

Walipoondoka nilimgeukia baba kwa hasira.

"Mwambie! Mwambie husikii, na mwambie kwa nini husikii."

"Huyo ni maalim wangu."

"Ndiye aliyekutia uziwi!"

"Maalim ni mzazi," akasema. "Akijua ataumia. Ntu mzima vile, ana siku ngapi? Ntamtia jambo hilo moyoni la nini?"

Yaani alikuwa anamhurumia. Nilimchukia mzee yule wa vidole vyembamba kwa chuki ambayo sijapata kuwa nayo hata kwa mume aliyenipa talaka. Tangu saa hiyo nilitaka kitu kimoja tu: mzee yule ajue, na akishajua, aseme kwa kinywa chake kwamba alikosa.

Kazi ya nyaya tuliifanya pamoja. Tulipitisha waya wa betri upande mmoja na waya za sauti upande wa pili, zisigusane, mlio wa injini usiingie. Kila twita tuliitilia kapasita moja ya kinga, ili hata mtu akikosea vifundo isiungue. Mikono ya baba haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikwenda yenyewe gizani chini ya viti, ikarudi na ncha ya waya.

Alasiri ya siku ya kwanza nilikuwa uani natwanga pilipili. Nikasikia kisomo kinaanza karakanani, na mara kikageuka kitu kingine. Kila sini ilikuwa inachana hewa. Kuku walikimbia. Nikaweka mchi, nikatoka, nikamkuta baba kwenye kiti cha dereva, macho kayafumba, uso umetulia, kifundo cha twita kakizungusha karibu na mwisho. Akafumbua macho akaniona.

"Sasa zinakuja," akasema. "Kwa mbali, lakini zinakuja."

Nilitia mkono ndani nikazima. Sikuwa na haja ya kumweleza, alinisoma usoni. Alitazama kile kifundo muda mrefu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipoona kwa macho ukubwa wa kile kilichomwondokea, kwa kuwa kilikuwa kimeandikwa pale, kutoka mahali kifundo kilipopaswa kuwa mpaka mahali alipokifikisha.

Akaniambia nikae mimi. Nikakaa, yeye akasimama nje. Nikashusha twita, nikaipandisha kidogo sana, nikahamisha mahali pa kukata. Nilikuwa nimeyaona kwake miaka yote hiyo, na masikio yangu ni mazima, hakuna aliyewahi kuyapiga. Nilingoja herufi kama alivyozingoja yeye. Swadi ikaja na uzito wake. Nikatia alama za kalamu ya risasi pembeni mwa vifundo.

"Kesho atataka anione miye nnapanga," akasema baba.

"Basi nitakuonesha."

Tukapatana hivi. Yeye atakaa kiti cha dereva na mimi nitakuwa mbele nafuta kioo kwa kitambaa. Nikifuta kwenda juu, apandishe. Nikifuta kwenda chini, ashushe. Nikisimamisha mkono, basi. Alama za risasi zitamsaidia, ila sauti hubadilika watu wakikaa ndani, na Maalim angekaa ndani. Baba aliyapokea mapatano hayo kama mtu anayepewa dawa chungu. Mimi niliyakubali kwa sababu yangu. Nilijiambia kwamba Maalim akishafurahi, akishasema ahsante, hapo ndipo nitakapomwambia, mbele ya baba, kila kitu.

Akaja asubuhi na mkungu wa ndizi, na mihogo katika pakacha. Akakaa kiti cha abiria, kushoto kwa baba, upande wa sikio lililokufa. Nilikuwa sikulipanga hilo. Mkwewe akaenda sokoni, tukabaki watatu. Kisomo kikaanza. Nikafuta kioo. Juu, kidogo. Juu. Chini. Kioo kilikuwa kisafi tangu mwanzo, na nilikifuta kama kuna aliyekitia tope. Baba hakunitazama moja kwa moja; alikuwa ametulia, shingo kaiinamisha, macho nusu, yuleyule fundi ambaye watu walitoka Wete kumfuata. Mkono wake ulizungusha kifundo kwa wepesi wa unyoya, ukasimama pale mkono wangu uliposimama.

Maalim alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inafuata kisomo. Ikaja aya yenye swadi, na nikamwona mzee yule machozi yanamtoka, yanaingia ndevuni, na hayapangusi. Nilisimama na kitambaa mkononi, ubavuni kwa mlango wake. Sitaki kusema uongo, kwa kitambo nilimwona binadamu.

Kisha akafumbua macho, akanitazama mimi kupitia dirisha lililo wazi, akasema, "Hilo ndilo sikio. Babaako alipoletwa kwangu alikuwa ntoto mzito, hasikii kitu. Sini kwake swadi, swadi kwake sini. Ni miye nliyemtia masikio haya. Samaki nkunje angali mbichi."

Akainua mkono wake wa kulia, ule uliobusiwa, akaonesha kofi hewani, akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alikuwa anafurahi, kama fundi anayeonesha kazi yake ya zamani.

Nilifungua mdomo. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwapo. Nyuma yake nilimwona baba ananitazama mimi, hajasikia hata neno moja, anatabasamu kwa kuwa Maalim anacheka, ananiomba kwa macho nisimharibie. Nikafumba mdomo. Mkwewe akarudi na samaki wake, baba akabusu mkono, gari likaondoka kuelekea kusini, barabara nzima imeanikwa karafuu na dereva anazikwepa.

Baba alisimama mpaka gari likapotea. Kisha akanigeuzia upande wa kulia.

"Alikwambia maneno marefu," akasema. "Kasemaje?"

Nilikuwa na hasira ya kutosha kumwambia kila kitu, na ile ishara ya kofi juu yake. Lakini alikuwa anangoja, kichwa kakiinamisha, na ile pamba imetokeza sikio la pili. Sijui neno lilitoka wapi.

"Kakutaka radhi," nikasema.

"Radhi ya nini?"

"Ya sikio."

Aliivuta ndoo iliyokuwa karibu, akaigeuza, akaikalia. Akaibana mikono yake katikati ya magoti.

"Kasema vyo? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, baba."

Watu walipita, wakamsalimia, hakuitika, na safari hii hata wale wanaume. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo mwenyewe hakuwa na hakika kama imetoka, "Nlimngoja sana."

Miaka yote ya maalim ni mzazi, miaka yote ya nilizaliwa nalo vile, alikuwa anangoja. Niliingia ndani nikafunga mlango nikaing'ata khanga yangu. Yale niliyotaka mzee yule ayaseme yalikwisha semwa, nimeyasema mimi, na yasingeweza kurudishwa.

Maalim alifariki kabla ya mvua za masika. Baba alikwenda kuzika, akabeba jeneza, akarudi na udongo kwenye kandambili. Siku ya hitma mimi mwenyewe nilimpeleka Kengeja, nikakaa na wanawake uani, naye akaingia na wanaume waliokuwa wanafunzi wa chuo kile. Niliyasikia yaliyopita kwa sababu ukuta ulikuwa wa makuti, na kwa sababu baba siku hizi husema kwa sauti kubwa bila kujua. Baada ya kisomo wazee walikuwa wanamtaja marehemu kwa mema yake. Mmoja kasema alimfundisha bila ya malipo. Mmoja kasema alijenga kisima. Ikaja zamu ya baba.

"Miye," akasema, "maalim wangu alinitaka radhi kabla hajafa. Ya sikio hili. Alikuja mpaka Gombani."

Upande wa wanaume tasbihi zikasimama. Hata wanawake tuliokuwa tunapakua wali tulisimamisha miko. Kila mtu kijijini pale alimjua Maalim, na kila mtu alijua hakuwa mtu wa kumtaka mwanafunzi radhi. Nikangoja atoke mmoja aseme, hilo siliamini. Hakutoka. Shehe akaomba dua, watu wakaitikia amin, wali ukapelekwa.

Baba ameutoa mkono wake kwenye vifundo tangu hapo. Hufanya nyaya, hulehemu, huwaambia wateja wazi kwamba mwenye kupanga ni binti yake. Majirani walipoelewa walikuja mmoja mmoja, wana haya, wanamsalimia kwa mkono badala ya mdomo. Bibi wa nyumba ya tatu alileta futari ya kufidia. Sikio la kulia limebakiwa na sauti za ngoma na za malori. Sauti yangu haisikii mpaka nimguse bega kwanza.

Wiki moja baada ya hitma alikuja mwanamume wa Kengeja, seremala, rika la baba, na gari lake la kubebea mbao. Alitaka spika mbili za mbele. Nikamuuliza kavu au ya moto, akasema hajui tofauti. Nikamweleza. Kwa gari kama lile, la kazi, la vumbi, betri ya kubahatisha, nikamwambia kavu, na nilikuwa nasema kweli tupu. Akakubali. Akasimama karibu yangu nikifunga kisanduku chini ya dashibodi, na baba yuko mbali, kainama, katupa mgongo.

"Binti," akasema, "nkuulize. Lile alilolisema babaako hitmani. Weye ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ni kweli Maalim alisema vyo?"

Nilitoa kichwa chini ya dashibodi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mlango, na kidole cha kati kilikuwa kimepinda katika kifundo, kimeganda hivyo, kama kilivyoganda zamani kilipopona bila ya kunyooshwa. Aliona ninakitazama. Hakukificha.

"Ni kweli," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. Akakitazama kidole chake, akakisugua kwa gumba la mkono wa pili.

"Kumbe alikuwa akikumbuka," akasema. "Basi na sisi wengine huenda alitukusudia. Ila hakutuwahi."

"Huenda," nikamjibu, nikarudi chini kukaza skrubu.